Maua ya Mtu Aliye Hai

Kwa Vonza,
Kitui, 14 Februari 1988

Kiilu, mume wangu,

Umepotea kama mbuzi wa mtu mvivu. Krismasi mbili zimepita. Nimepika, nimefunika, nimefunua, nimekula mwenyewe. Kama umeoa huko Nairobi, mimi mke wako wa kwanza nina haki ya kujulishwa. Jina ulilopewa ni la babu yako aliyenioa, na babu yako alipopotea huko mjini angalau alikuwa amefungiwa na Mzungu. Wewe umefungiwa na nani?

Sisi hatujambo. Anayeandika ni Mumbua, mke wa baba yako mdogo Musembi. Mimi kalamu sijawahi kuishika, wewe unajua, vidole vyangu vinajua uzi wa kiondo tu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asitie sukari. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Mvua ilinyesha vizuri halafu ikakumbuka kwamba hapa ni Kitui, ikaacha. Baba yako Nzioka bado yuko Mtito Andei, anauza petroli kwa madereva wa malori. Yeye huja. Hakai, lakini huja. Magoti yangu yananiamsha kabla ya jogoo.

Watu wa sokoni wananiambia kazi yako ni kutembea. Ati unatembea na wageni mjini kutoka asubuhi, hamwendi popote, halafu mnarudi mlipoanzia. Nilimwambia mwenye duka asiniharibie mjukuu. Niandikie uniambie kazi yenyewe.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Nimechagua mahali pangu. Ni pale kando ya babu yako, upande wa mkono wake wa kushoto, nilikokuwa nalala. Nimeng'oa nyasi mwenyewe. Sifi kesho, usianze kulia. Lakini nataka wewe mwenye jina lake uje upange mawe ya mpaka kwa mkono wako, ili hata Musembi akitaka kupanda mahindi ajue pale pana mtu. Mwingine hawezi kunipangia. Njoo Pasaka.

Ni mimi susu wako,
Nthenya


Nairobi,
20 Machi 1988

Kwako Susu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu mjukuu wako. Mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu huko nyumbani. Naomba unisalimie Baba Mdogo, Mama Mumbua na wote wanaouliza habari zangu. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa. Pole kwa magoti.

Susu, hao wa sokoni hawakukudanganya sana. Kweli kazi yangu ni kutembea. Nimeajiriwa na Bwana Waithaka, ana ofisi ndogo karibu na stesheni. Wageni kutoka ng'ambo wanataka kuona majumba yaliyojengwa na wakoloni. Ninawachukua kwa miguu. Tunaanza stesheni ya reli, tunapita mahakama, benki ya zamani, kanisa la mawe, tunamalizia kwenye ile nyumba yenye nguzo nyeupe ambapo Babu alikuwa mpishi. Siku hizi ndani ni ofisi, lakini ngazi za mbele ni zilezile. Kila mahali ninasimama na kueleza ni nani alijenga, nani aliishi, nani hakuruhusiwa kuingia.

Pale kwenye nguzo ninawaeleza habari zako. Wageni wanapenda habari zako kuliko za magavana. Hata Bwana Waithaka amechapisha kijikaratasi, na mahali pale amepaita Ngazi za Nthenya.

Pasaka sitaweza. Ndiyo wakati wageni wanajaa. Nimekutumia blanketi na sukari kwa mkono wa kondakta wa basi la Kitui. Blanketi ni la sufu, usimpe mtu.

Mjukuu wako,
Kiilu


Kwa Vonza,
10 Mei 1988

Kiilu, mume wangu,

Blanketi limefika. Ni zito na lina joto, lakini nimelisalimia asubuhi halikuitika. Sukari tumekunywa. Pasaka nayo imepita, na wewe hukuonekana.

Hapa tunavuna kidogo kilichopatikana. Nzioka alikuja na redio iliyokufa, akasema ataitengeneza, akaiacha. Mchungaji ameniomba niongoze maombi ya akina mama wa kanisa kila Jumatano, nimekubali, ingawa kuna wanaosema sauti yangu ni ya kuitia ng'ombe. Mungu hajalalamika.

Mumbua amenisomea barua yako mara nyingi, hasa hapo pa ngazi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi Nthenya nina ngazi Nairobi, na hapa nyumba yangu haina hata kizingiti cha saruji. Lakini niambie jambo moja. Unawaambia habari ya unga? Kwa sababu bila unga hiyo hadithi haina kichwa.

Mumbua haijui yote, acha niiseme ili naye aandike. Babu yako alikuwa amekaa huko mwaka mzima bila neno. Nikamfunga baba yako Nzioka mgongoni, nikaenda. Nilipofika kwa hizo nguzo nikakaa kwenye ngazi. Askari wa mlangoni akanifukuza, akasema mpishi hana wageni, ningoje chini ya mti mpaka aitwe. Nikangoja. Jua likapanda, jua likashuka, kesho yake vilevile. Mtoto analia, maziwa yamekauka. Nikajiambia, Nthenya, huyu askari hakukuoa. Nikazunguka nyuma kwenye moshi wa jikoni na nikaita. "Kiilu! Kiilu wa Ndululu! Mkeo yuko hapa nje, na hataondoka!" Niliita kama anayeita mtu ng'ambo ya mto Tiva. Wazungu walitoka kwenye veranda na vikombe vyao kuangalia ni mnyama gani.

Akatoka. Kofia nyeupe kichwani, aproni, na unga wa ngano mpaka kwenye nyusi. Akasema hakuja nyumbani kwa sababu Mzungu wake anakataa kumtilia sahihi kwenye kipande, ile karatasi ya kazi, na akiondoka bila sahihi atashikwa. Nikamwambia avue hiyo kofia twende. Akavua. Tulitembea mpaka usiku ukatushika njiani, na kila nikimwangalia na ule unga usoni ninacheka, naye anacheka, na mtoto anacheka bila kujua ni kwa nini. Walipokuja kumtafuta baadaye alikuwa ndani ya ghala la mtama na mimi nimekaa mlangoni ninasuka kiondo. Wakaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikawaambia nami ninamtafuta, wakimwona wamwambie arudi.

Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizopewa, hata ya arusi ikiwemo. Usiwapunje wageni wako unga.

Mbaazi mbichi zitakuwa tayari mwezi wa saba na wa nane. Njoo wakati huo. Mawe ya mpaka nimeyakusanya, yanakungoja.

Susu wako,
Nthenya


Nairobi,
27 Juni 1988

Kwako Susu,

Salamu. Mimi ni mzima. Nimefurahi kusikia kazi uliyopewa kanisani.

Ndiyo, ninawaambia.

Mwezi wa nane sitapata nafasi, watu ni wengi. Labda baadaye.

Kuna jambo dogo. Mgeni mmoja, mama Mzungu, aliniuliza sana njia ya Kwa Vonza. Sidhani kama atakuja, ni mbali. Lakini ikiwa mtu atapita huko akiuliza habari za nyumba yetu, Mama Mumbua amwambie hawafahamu hao watu. Wageni wengine wana usumbufu tu.

Nimetuma chumvi, majani ya chai na sabuni.

Kiilu


Kwa Vonza,
29 Agosti 1988

Kiilu,

Sabuni, chai na chumvi vimefika. Asante.

Sisi hatujambo. Ndume wa ng'ombe mwekundu amekua, ana kiburi. Musembi ameezeka jikoni. Mbaazi zilikuwa nzuri mwaka huu, nilikuwekea, zikakauka, sasa ni mbegu.

Mgeni wako alikuja.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimekaa uani ninapukuchua mbaazi, Mumbua anaanua nguo. Landrova ikaingia mpaka karibu na kuku. Akashuka mama Mzungu mwembamba, nywele nyeupe kama zangu, mikononi amebeba maua mengi, yamefungwa kwa karatasi ing'aayo. Nikafikiri ni wa kanisani. Nikafuta mkono, nikampa kiti, nikamwambia Mumbua alete uji. Dereva wake alikuwa mtu wa Murang'a, hakujua neno la Kikamba, alikaa garini akalala. Kwa hiyo ni sisi wanawake watatu tu, na Kiingereza cha Mumbua katikati.

Yule mama anaitwa Helga. Alizungumza polepole, na macho yalikuwa na maji. Mumbua akasikiliza, halafu akarudi kwenye kamba ya nguo. Nikamwambia atafsiri. Akaendelea kuanua. Nikamwambia, Mumbua, mgeni amesafiri, amesema nini? Ndipo akaniambia.

"Anasema amekuja kuona kaburi la Nthenya, susu wa Kiilu mtembeza wageni."

Nilikuwa na mbaazi mkononi. Nikaendelea kuzipukuchua, kwa sababu mikono haikujua jambo lingine la kufanya. Nikamwuliza, "Amesema nilikufaje?"

Mumbua akamwuliza kwa namna yake. Ati nilikufa kwenye ngazi. Ati niliketi pale nikingoja mume wangu, njaa ikanimaliza, na wakati mume anatolewa jikoni mtoto alikuwa bado ananyonya maiti. Ati unapofika hapo sauti yako hukatika na wageni huvua kofia. Helga alisema hajalala vizuri tangu siku ile. Alisema ameuliza duka moja hapo sokoni, wakamwonyesha njia bila shida, akashangaa jinsi watu wanavyomkumbuka Nthenya.

Kiilu, sikiliza nilichofanya. Mumbua tayari alikuwa amefungua mdomo kumwambia kweli. Nikamshika gauni. Niliona uso wa yule mama, na nikaona wewe. Nikafikiri, huyu mtoto ataitwa mwongo mbele ya watu wa ng'ambo na kazi itaisha. Nikamwambia Mumbua, "Mwambie mimi ni dada yake marehemu. Mwambie tutampeleka."

Nikampeleka. Kaburi la babu yako lina msalaba, kwa hiyo nikamwonyesha kando yake, pale nilipong'oa nyasi. Aliuliza mbona hakuna tuta. Nikasema mvua imelisawazisha. Unaona jinsi uongo unavyozaa haraka kuliko sungura. Akapiga magoti akaweka maua mahali pangu. Akaniomba niombe. Mimi, mwongozaji wa akina mama. Nikasimama hapo juu ya kichwa changu mwenyewe, nikamwomba Mungu ampokee Nthenya. Mumbua alikuwa analia, na Helga akamkumbatia, akadhani ni huzuni ya ukoo.

Alikula muthokoi wetu akamaliza. Ni mama mzuri. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Mtu akimdanganya mtu mbaya, hulala.

Yale maua hayakukauka upesi. Kila asubuhi nikienda kufungulia ng'ombe ninayaona. Jumapili iliyofuata kulikuwa na Meza ya Bwana, nikabaki kwenye benchi. Mchungaji akaniuliza, nikasema ni jino. Jumatano sikuongoza maombi. Siwezi kushika mkate kwa mkono uliofanya hivyo, wala siwezi kuungama bila kukutaja, na sitakutaja mbele ya watu ambao walikuona ukibatizwa. Kwa hiyo nimekaa nje ya mlango wa Mungu kama nilivyokaa kwenye hizo ngazi zako, na safari hii hakuna jikoni nyuma.

Sikuulizi kama ni kweli ulisema. Ninauliza jambo moja. Ilikuwaje mahali pale niliposhinda ndipo ukaamua nifie?

Nthenya


Kwa Vonza,
16 Oktoba 1988

Kiilu,

Hujajibu. Aliyekufa ni mimi, lakini anayenyamaza ni wewe.

Ndume tumemuuza. Nzioka alipita, akauliza mbona sina furaha, nikamwambia ni kiangazi. Sijamwambia mtu. Mumbua naye hajasema, hata kwa mumewe, na hiyo siri inamnenepesha shavu kama jipu. Amenituma niseme kwamba anakusalimu na kwamba amekasirika.

Barua imekuja kutoka kwa Helga, ya Kiingereza, imeandikiwa dada ya marehemu. Anasema amechanga na wenzake wa kanisa lao na wameagiza jiwe la kaburi kwa fundi wa Kitui mjini. Litaletwa Desemba. Litaandikwa jina langu.

Mchungaji anakuja hapa nyumbani kila wiki kuuliza habari ya jino. Ameshika mkono wangu akasema, "Mama, hata jino huisha." Nimeshindwa kumwangalia.

Sitaki chai wala sabuni. Usitume kitu tena kwa kondakta.

Nthenya


Nairobi,
13 Novemba 1988

Kwako Susu,

Sijui nianze na salamu gani. Kukuuliza hali ni kama dhihaka. Lakini nakusalimu, na Mama Mumbua, ambaye atayasoma haya kwa sauti. Mama, nisamehe kwanza wewe, nilikutumia neno la uongo uwaambie wageni, nawe ukabebeshwa kubwa zaidi.

Susu, uliuliza ilikuwaje. Nilikuwa ninasema habari ya unga. Miezi ya kwanza yote niliisema. Niliita jina la Babu kwa sauti kama ulivyokuwa unaniigizia tukiwa jikoni. Wageni walicheka kidogo, wakatazama saa, wakauliza chakula cha mchana kiko wapi. Siku moja kulikuwa na jua kali, mzee mmoja anapiga miayo mbele yangu. Nilipofika pale umekaa kwenye ngazi na mtoto analia, msichana mmoja akauliza, "Na kisha ikawaje kwake?" Nikaangalia ile miayo. Nikasema, alikufa.

Wote walinyamaza. Yule mzee akafunga mdomo akavua kofia. Sijawahi kusikilizwa namna hiyo, Susu, hata na watu wetu. Niliupenda ule ukimya. Kesho yake nilijiambia nitaacha, nikasema tena, nikaongeza mtoto. Bwana Waithaka akasikia, akafurahi, akachapisha. Baada ya hapo hadithi ilikuwa yake na yangu na ya kijikaratasi, wewe hukuwamo.

Ndiyo sababu sikuja. Uliponiandikia juu ya mawe ya mpaka niliweka barua chini ya godoro nisiione. Ningekujaje kukupangia kaburi nami kila asubuhi nakuzika? Ningekaa vipi jikoni kwako, unipe chakula kwa mkono wako?

Nilipopata barua ya Agosti nilikuja. Hili hulijui. Nilipanda basi mpaka Kwa Vonza, nikashuka hapo sokoni. Nilimwona Mama Mumbua ananunua mafuta ya taa. Nikajificha nyuma ya kinu cha kusagia mpaka akaondoka, nikangoja basi lilelile likirudi. Mwenye duka aliniona. Nilimwomba asiseme.

Sasa nimefanya hivi. Nimemwandikia Bi. Helga kweli yote, na kwamba ulimwambia vile ili kunifunika mimi. Sijui barua itafika lini ng'ambo, wala kama itawahi jiwe. Wiki iliyopita nilisimama kwenye ngazi mbele ya wageni nikawaambia kwamba niliyokuwa nasema si kweli, kwamba Nthenya yuko hai na anasuka vyondo. Nikawaambia habari ya unga. Mwanamume mmoja alikasirika, akasema alilipia hadithi iliyo kwenye kijikaratasi. Wengine walicheka. Bwana Waithaka ameniita akaniambia nipumzike mpaka anipigie simu, na mimi sina simu.

Hiyo si kitu. Jambo langu ni moja. Susu, bado ninaweza kuja? Na nikija, nakuja kama nani?

Mjukuu wako,
Kiilu


Kwa Vonza,
4 Desemba 1988

Kiilu, mume wangu,

Mumbua amenisomea barua yako jikoni, mlango umefungwa. Alipofika kwenye habari ya kinu aliacha kusoma akaniangalia, akasema siku ile ya mafuta ya taa alisikia mtu anapiga chafya nyuma ya kinu, akadhani ni vumbi la unga. Basi tukacheka. Halafu tukalia kidogo, nisikufiche. Amekusamehe, ila anasema ukija umletee mafuta ya taa, kwa sababu aliyonunua siku ile alimwaga njiani kwa wasiwasi wa nyumba hii.

Mvua imefika. Mchana tunapanda, Musembi analima kwa ng'ombe, mimi ninafuata na mbegu. Ni zile mbaazi zako zilizokauka. Embe zimeanza kuiva upande wa mto. Redio ya Nzioka imefufuka yenyewe, inasema habari za vita vya watu nisiowajua.

Mwenye duka hakusema. Ni mtu mzuri, nimemsema vibaya bure.

Jiwe lilikuja Alhamisi kwa pikapu. Barua yako kwa Helga haikuwahi. Ni jiwe zuri, jeusi, laini kama shavu la mtoto. Musembi alishtuka, ikabidi ajue. Alitaka kulivunja kwa nyundo hapo hapo, na angekuvunja na wewe kama ungekuwa karibu. Nikamkatalia. Nikamwambia Mumbua aniongoze kidole juu ya herufi moja moja. Mimi Nthenya sijawahi kulishika jina langu. Nimelishika sasa. N ni kali, inakwaruza. Y ina mkia. Limeandikwa vizuri, Kiilu, hata ningesoma shule nisingeandika hivyo. Chini yake wameandika mwaka wa kufa. Mwaka huo ndio niliokataa kuugusa, kwa sababu ni mwaka wa unga.

Jana nilikwenda kwa mchungaji. Sikungoja wewe. Nilimwambia nimeomba juu ya kaburi langu nikiwa hai, nikamwambia na sababu. Akauliza ni mara ngapi nilikwenda kuongoza maombi ya Jumatano tangu siku ile, kwa kuwa jino kumbe ni zima. Nikasema sikwenda hata mara moja, ndiyo maana nimekuja. Akasema kanisa litanisikia Jumapili ya mwisho ya mwaka, nikisimama na yule aliyenipeleka pale. Sikukutaja kwa ubaya. Nilisema ni mume wangu, akaelewa.

Uliniuliza unakuja kama nani. Unataka nikuambie si kitu. Siwezi. Ni kitu. Kila usiku nikilala ninajiuliza kama nilikusimulia vibaya, kama nilicheka mno mpaka hukuona njaa iliyokuwa ndani yake. Kwa sababu njaa ilikuwepo, Kiilu. Hukukosea yote. Mtoto alikuwa kweli ananyonya mahali pakavu. Mimi ndiye niliyekuwa naruka hapo haraka ili nifike kwenye unga, nawe ukapaona ukakaa hapo. Lakini mimi sikukaa. Hilo ndilo ulilonipokonya, miguu yangu.

Kazi ikirudi, irudi. Isiporudi, shamba lipo.

Sasa sikiliza utakavyokuja, na usibadilishe hata kidogo, wewe unapenda kubadilisha.

Uje kabla ya hiyo Jumapili. Uje na tindo, ya Musembi imevunjika. Utalala kifudifudi juu ya hilo jiwe na kuutoa ule mwaka mpaka pawe laini. Jina uliache. Halafu utapanga mawe yangu ya mpaka, na jiwe tutalilaza hapo, lingoje kama mimi ninavyongoja, bila haraka.

Lakini hayo ni baadaye. Ukifika usiingie. Mama yangu alinifunza kwamba mtu akitangazwa amekufa na kumbe anapumua, hawezi kutoka tu mlangoni akasema nipo. Aliyemtangaza ndiye anayemrudisha, kwa mdomo uleule. Kwa hiyo usije na hodi, wala usimtume Mumbua, wala usijifiche nyuma ya kitu. Usiniite susu. Jina ulilo nalo linakuruhusu kuniita langu. Simama kwenye lango la ng'ombe, watu wa boma lote wakisikia, hata majirani watoke na vikombe vyao, na uniite Nthenya kama nilivyokuita wewe nyuma ya ile jikoni. Sauti isikatike. Huenda nisiitike mara ya kwanza, nina kiburi, na masikio ni mazee. Wewe usiondoke hapo langoni. Ita mpaka nitoke.

Nthenya